Janga linapojaza wodi, upandikizaji wa viungo hukwama wapi hasa?

Bandiko la 1 (mleta uzi)

Nianze kwa kuweka sawa neno moja ili tusichanganyane. Ndani ya uzi huu, mchangiaji ni mtu aliyetoa figo, ini au kiungo kingine, ama akiwa hai ama baada ya kufariki. Sisi tunaoandika hapa tutabaki kuwa waandishi wa mabandiko.

Tangu tarehe 11 Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotamka kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia nzima, maelezo ninayoyasikia mara nyingi kuhusu kupungua kwa upandikizaji ni kwamba madaktari waliogopa kumpandikizia mgonjwa virusi pamoja na kiungo. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yameficha jambo kubwa zaidi. Hoja yangu ni kwamba upandikizaji ni huduma inayoishi kwa nafasi inayobaki baada ya hospitali kumaliza kazi zake nyingine: kitanda cha mahututi kisicho na mtu, muuguzi ambaye zamu haijamlemea, mashine ya kupumulia isiyogombewa, chumba cha upasuaji kilicho wazi saa nane usiku na ndege inayoruka kwa ratiba. Janga likiimeza nafasi hiyo, upandikizaji husimama hata kama hakuna kirusi hata kimoja ndani ya kiungo chenyewe.

Mchukulie mtu aliyekufa ubongo baada ya ajali au kiharusi. Moyo wake unaendelea kupiga kwa sababu mashine inampumulia na wauguzi wanamwangalia saa kwa saa. Ili viungo vyake viwafikie wengine, ni lazima kifo cha ubongo kithibitishwe kwa vipimo rasmi, familia izungumzwe nayo, damu yake ilinganishwe na ya wanaosubiri, na timu ya upasuaji ifike, wakati mwingine kutoka mji mwingine. Shughuli hiyo yote hufanyika akiwa bado kitandani katika chumba cha mahututi. Viungo vikishatolewa, saa inaanza kuhesabu: moyo unavumilia kukaa kwenye baridi kati ya saa 4 na 6 hivi, mapafu saa 6 hadi 8, ini saa 8 hadi 12, na figo, ambayo ndiyo mvumilivu kuliko wote, saa 24 hadi 36. Sasa ondoa safari za ndege, ongeza masaa ya kusubiri majibu ya kipimo cha kirusi, kisha mpeleke daktari wa usingizi akawasaidie wagonjwa wanaoshindwa kupumua. Hakuna aliyepiga marufuku upandikizaji, ila umeshakwama.

Takwimu zinaonyesha ukubwa wa mkwamo huo. Ufaransa, upandikizaji wa viungo kutoka kwa watu waliofariki ulishuka kwa takriban asilimia 91 kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Aprili 2020, na katika kipindi hicho hicho Marekani ilishuka kwa takriban asilimia 51. Utafiti uliolinganisha nchi 22 ulikuta kwamba mwaka 2020 ulifanyika upandikizaji pungufu kwa asilimia 16 kuliko mwaka 2019, yaani watu zaidi ya 11,000 ambao kwa mwendo wa kawaida wangepata kiungo hawakukipata. Ndani ya wastani huo kuna tofauti ambayo kwangu ndiyo yenye funzo. Figo zilipungua kwa karibu asilimia 19, mapafu kwa karibu 16, maini kwa karibu 11, na mioyo kwa asilimia 5 tu au zaidi kidogo.

Mbona moyo, ambao ndio mgumu kusafirisha, ulipungua kidogo kuliko figo? Kwa sababu mgonjwa wa figo ana mashine ya kusafisha damu ya kumshikilia, ilhali mgonjwa wa moyo mara nyingi hana kitu kama hicho. Madaktari waliamua nani anaweza kusubiri, na aliyeonekana anaweza ndiye aliyesubirishwa. Kwa mtazamo wangu uamuzi huo ulieleweka katika wiki za mwanzo, lakini uliachwa uendelee muda mrefu kupita kiasi katika maeneo ambayo mawimbi yalikuwa yameshatulia. Kusubiri nako kuna vifo vyake, ingawa havitangazwi kila jioni.

Ningependa kuwasikia waliokuwa ndani ya wodi na waliokuwa kwenye orodha ya kusubiri kiungo.

Bandiko la 2

Ndugu mleta uzi, mimi ni muuguzi wa chumba cha mahututi, na neno lako "nafasi inayobaki" limenikera kidogo, ingawa naelewa ulipokusudia kufika. Haikuwa nafasi iliyobaki. Kitanda anacholazwa mchangiaji aliyekufa ubongo kinaweza kuokoa watu wengi zaidi kuliko kitanda kingine chochote wodini, kwa sababu mtu mmoja anaweza kutoa mapafu mawili, figo mbili, ini, moyo na kongosho. Sote tulilijua hilo. Ila mgonjwa aliye mlangoni anakohoa na kukata pumzi unamwona kwa macho, na wale saba walio kwenye orodha huwaoni. Hesabu ya karatasini ilikuwa upande wa mchangiaji, lakini macho yetu yalikuwa mlangoni.

Naomba niongeze jambo ambalo takwimu zako hazilioni, nalo ni mazungumzo na familia. Wakati wa kawaida, ndugu wa marehemu huketi nasi katika chumba cha pembeni. Tunawaonyesha, pale inapofaa, jinsi vipimo vya ubongo vinavyofanyika, tunanyamaza nao, tunarudi baada ya saa mbili kuwauliza tena. Familia nyingi hazikubali katika dakika kumi za kwanza. Hukubali baada ya kumwona mpendwa wao na kujiridhisha kwamba kweli ameondoka. Wakati wa janga ndugu walizuiwa kuingia. Tulilazimika kumweleza binti kwa simu kwamba baba yake amekufa ingawa kifua chake kinapanda na kushuka, kisha katika simu hiyo hiyo kumuuliza kuhusu figo za baba. Sauti yangu ilikuwa inapita kwenye barakoa mbili. Aliyekataa sikuweza kumlaumu, kwa kuwa tulikuwa tunamwomba aamini jambo ambalo mimi mwenyewe, kama ningekuwa upande wake, nisingeliamini bila kuliona.

Pale ambapo hospitali ziliruhusu angalau ndugu mmoja au wawili waingie wakiwa wamevaa mavazi ya kujikinga, mazungumzo yalikuwa ya kibinadamu zaidi. Ninaamini kanuni hiyo ingepaswa kuwekwa tangu siku ya kwanza.

Kuhusu lawama yako juu ya figo, nitatofautiana nawe. Upasuaji wa figo kutoka kwa mchangiaji aliye hai ni upasuaji wa kupangwa. Tunamchukua mtu mzima wa afya, asiye na ugonjwa wowote, tunamlaza hospitalini palipojaa maambukizi, na tunampasua kwa faida ya mtu mwingine. Ikiwa angeambukizwa humo, tungemjibu nini? Upasuaji wa kupangwa husogezwa mbele, haupotei.

Bandiko la 3

Mimi nilikuwa kwenye orodha, na mtu huyu mnayemsoma bado anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki.

Serikali nyingi ziliposema "bakini nyumbani", sisi wa mashine hatukuwa na nyumba ya kubaki. Siku tatu kila wiki nilipanda gari, nikaketi kwa saa nne katika ukumbi mmoja na watu wengine wenye figo zilizokufa, wengi wao wazee, wengi wenye kisukari na shinikizo la damu, kisha nikarudi. Ukikosa kikao kimoja unavimba na pumzi inakuwa fupi. Ukikosa viwili unaweza usiamke. Kwa hiyo mtu aliyesema "mgonjwa wa figo anaweza kusubiri" alikuwa anasema, bila kukusudia, kwamba anaweza kusubiri katika mojawapo ya sehemu zenye hatari kubwa ya maambukizi. Viti viwili vya ukumbi wetu vilibadilisha wenyewe katika miezi minne ya mwanzo. Hatukuuliza, kwa sababu tulijua.

Kaka yangu alikuwa amepimwa akaonekana anafaa kunipa figo yake. Tarehe ya upasuaji ilikuwa imeshapangwa. Nitarudi kueleza ilikuwaje, maana nimesoma sentensi ya mwisho ya dada muuguzi na ningependa kuijibu kwa utulivu.

Bandiko la 4

Nafanya kazi ya maabara, basi nichukue lile la virusi ndani ya kiungo, ambalo mleta uzi amelipitia juu juu.

Hofu hiyo ilikuwa na mtangulizi. Mwaka 2003, SARS, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kirusi cha jamii moja na cha UVIKO-19, ilipoingia Toronto, Kanada, upandikizaji ulisitishwa kwa muda na madaktari wa huko wakaunda namna ya kuwachuja wachangiaji kwa dalili zao na kwa mahali walipolazwa. Somo lilikuwepo tayari miaka 17 kabla ya 2020, ingawa ni dhahiri kwamba halikuhifadhiwa vizuri.

Kwa UVIKO-19, ushahidi uliokusanyika ni huu. Mapafu ni hatari kweli. Kuna tukio lililoandikwa kitaalamu kutoka Michigan, ambapo mchangiaji alipimwa puani na kooni akaonekana hana kirusi, mapafu yake yakapandikizwa, na siku chache baadaye mpokeaji akaanza kuumwa. Majimaji yaliyokuwa yametolewa ndani ya mapafu ya mchangiaji yalipopimwa baadaye, yalikutwa na kirusi. Mpokeaji alifariki baada ya miezi miwili hivi, na mmoja wa madaktari waliohusika kuyaandaa mapafu hayo naye aliambukizwa. Kwa sababu hiyo, kuanzia Mei 2021, Marekani iliagiza kila mchangiaji wa mapafu apimwe sampuli inayotoka chini kwenye njia ya hewa, wala si ya puani peke yake.

Figo, ini na moyo ni habari nyingine. Kirusi hiki husafiri kwa njia ya hewa, na hakikuonekana kuwafikia wapokeaji kupitia viungo hivyo. Vituo kadhaa vilianza kwa uangalifu kupokea figo na maini kutoka kwa watu waliokutwa na kirusi, na wapokeaji wakaendelea vizuri. Kwa maneno mengine, mwanzoni mwa janga viungo vingi vilivyofaa vilikataliwa kwa sababu ya kipimo chanya ambacho hakikuwa na maana tuliyokipa. Siwalaumu waliokataa Aprili 2020, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ushahidi mkononi. Aliyeendelea kukataa miaka miwili baadaye bila kusoma kilichokwisha kuchapishwa ndiye anayepaswa kujieleza.

Bandiko la 5

Naomba kuuliza kwa ufupi. Mama yangu ana figo iliyopandikizwa. Amechanjwa mara mbili. Je, yuko salama kama sisi wengine?

Bandiko la 6 (mleta uzi)

Ndugu uliyeuliza kuhusu mama, jibu fupi ni kwamba hayuko salama kwa kiwango chenu, na ni muhimu daktari wake aliye na faili lake ndiye aongoze hatua zote.

Mtu aliyepandikizwa hunywa dawa za kushusha kinga maisha yake yote, ili mwili usikishambulie kiungo kigeni. Dawa hizo hizo huuzuia mwili kujifunza kutokana na chanjo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipima kingamwili za wapokeaji wa viungo mwaka 2021 na kukuta kwamba baada ya dozi ya kwanza ni asilimia 17 tu waliokuwa nazo, na baada ya dozi ya pili asilimia 54. Waliokuwa wakitumia maikofenoleti, ambayo ni dawa ya kawaida sana kwa wenye figo mpya, ndio walioitikia kidogo zaidi. Ndiyo maana Marekani iliidhinisha dozi ya tatu kwa watu hawa mnamo Agosti 2021, kabla ya kuiruhusu kwa watu wote. Dozi za ziada ziliwasaidia wengi, lakini si wote, kwa hiyo ninyi mnaoishi naye mkichanjwa mnamjengea ukuta ambao mwili wake wenyewe huenda umeshindwa kuujenga.

Ugonjwa wenyewe huwaelemea zaidi. Katika miezi ya mwanzo, utafiti mmoja uliohusisha vituo zaidi ya 50 ulikuta kwamba kati ya wapokeaji wa viungo waliolazwa kwa UVIKO-19, mmoja katika kila watano alifariki ndani ya siku 28. Chanjo na dawa zimeipunguza hatari hiyo baadaye. Wengine hukaa na kirusi mwilini kwa wiki nyingi, mara nyingine miezi, kwa kuwa kinga haina nguvu ya kukifagia.

Kuna mtego mmoja ninaoutaja kila nipatapo nafasi. Dawa ya vidonge ya UVIKO-19 iitwayo Paxlovid ina ndani yake ritonaviri, ambayo hulizuia ini kuivunja takrolimusi, mojawapo ya zile dawa za kushusha kinga zinazoilinda figo mpya. Mtu akizinywa pamoja bila marekebisho, takrolimusi hujazana kwenye damu hadi kiwango cha sumu na inaweza kuiharibu figo ileile aliyokuwa akiilinda. Mama asipewe dawa hiyo na mtu yeyote asiyejua kwamba amepandikizwa, na wala asiache dawa zake mwenyewe kwa hofu.

Bandiko la 7

Mnazungumza kana kwamba janga lilipunguza tu. Liliongeza pia wahitaji, hasa wa mapafu.

Juni 2020, hospitali ya Northwestern mjini Chicago ilimpandikizia mapafu mawili mwanamke kijana ambaye yake yalikuwa yameharibiwa na UVIKO-19 kiasi cha kutorudi, na huo ndio uliokuwa upasuaji wa kwanza wa aina hiyo kujulikana nchini Marekani. China ilikuwa imeshafanya miezi michache kabla. Aprili 2021, hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, ilimpandikizia mwanamke vipande vya mapafu vilivyotolewa na mumewe na mwanawe wakiwa hai. Kufikia mwishoni mwa 2021, karibu asilimia 7 ya upandikizaji wa mapafu Marekani ulikuwa wa watu walioharibiwa na ugonjwa huu.

Swali langu ni la haki. Mtu aliyekuwa mzima mwezi wa Januari anaingia kwenye orodha mwezi wa Juni, na kwa kuwa hali yake ni mbaya kuliko ya wote anawekwa mbele ya aliyesubiri mapafu kwa miaka miwili. Kanuni ya dharura inasema ni sawa. Aliyesubiri miaka miwili naye anasemaje?

Bandiko la 8 (mleta uzi)

Swali lako ni zito, na nitalijibu kwa upande mmoja tu: kanuni ya dharura haikutungwa kwa ajili ya janga, na ingekuwa dhuluma kuibadilisha kwa kuwa tu wahitaji wapya wametokea mlango mwingine. Kilichopaswa kubadilika ni idadi ya mapafu yanayopatikana, na hapo ndipo mashine za kuyatunza na kuyapima mapafu nje ya mwili zilipoonyesha thamani yake, kwa sababu zinalipatia pafu lililotiliwa shaka muda wa kuthibitisha kama linafaa.

Narudi kwa dada muuguzi. Nimekubali kukosolewa juu ya "nafasi inayobaki". Hata hivyo tazama tofauti kati ya nchi na nchi. Hispania, inayoongoza duniani kwa uchangiaji baada ya kifo, ilishuka kutoka wachangiaji 49 kwa kila watu milioni moja mwaka 2019 hadi 37.4 mwaka 2020. Ni anguko kubwa, lakini hata baada ya kuanguka ilibaki juu ya kiwango ambacho nchi nyingi hazijawahi kukifikia katika mwaka wa amani. Wana waratibu wa upandikizaji ndani ya hospitali zenyewe, madaktari ambao kazi yao inayojulikana ni kumtambua mchangiaji na kuzungumza na familia, na mfumo huo ulijiinua upya wimbi la kwanza lilipopita. Marekani nayo ilimaliza mwaka 2020 ikiwa na wachangiaji wengi waliofariki kuliko mwaka uliotangulia, kwa sehemu kutokana na jambo la huzuni, yaani vifo vya kuzidisha dawa za kulevya vilivyopanda. Walioporomoka huko ni wachangiaji walio hai: mwezi Machi 2020, zaidi ya asilimia 70 ya vituo vilivyoulizwa vilisema vimesitisha kabisa figo za watu walio hai. England, sehemu kubwa ya Uingereza, kwa upande wake, ilianza tarehe 20 Mei 2020, katikati ya wimbi, sheria ya kumhesabu karibu kila mtu mzima kuwa mchangiaji asipokataa, na ni wazi kwamba sheria haiwezi kuzalisha kitanda.

Ninachodai ni kidogo. Hospitali moja ya eneo ingetengwa kwa upasuaji usio na wagonjwa wa janga, mchangiaji na mpokeaji wangejitenga na kupimwa kabla, na figo za ndugu kwa ndugu zingeendelea kwa idadi ndogo badala ya sifuri. Vituo vilivyofanya hivyo vipo.

Bandiko la 9 (mwandishi wa bandiko la 2)

Hilo la hospitali iliyotengwa nalikubali. Sikulikataa tangu mwanzo. Nilikataa kuambiwa kwamba tulisahau.

Bandiko la 10 (mwandishi wa bandiko la 3)

Dada muuguzi, nimeahidi kurudi. Umeandika kwamba upasuaji wa kupangwa husogezwa, haupotei. Nakuheshimu, na najua uliandika kwa nia njema.

Upasuaji wetu ulisogezwa mara ya kwanza kwa wiki sita, mara ya pili bila tarehe. Tulipoitwa tena ilikuwa imepita miezi kumi na nne, na vipimo vyote vilikuwa vimekwisha muda, kwa hiyo kaka alianza upya kama mtu mgeni. Katika miezi hiyo alikuwa amepoteza kazi, amenenepa, na shinikizo lake la damu lilikuwa limepanda. Daktari alimpima siku tatu tofauti ili asimwonee, kisha akatuita wote wawili akatueleza kwamba mtu mwenye shinikizo la aina hiyo akibaki na figo moja anaweza kuishia kwenye kiti kilicho jirani na changu. Alikuwa sahihi. Kaka ndiye aliyelia, mimi sikulia.

Sasa niko kwenye orodha ya kusubiri figo ya mtu aliyefariki. Kesho ni siku yangu ya mashine, nitakuwa sipatikani hadi jioni.